NAMNA YA KUKAA JUU YA BAISIKELI KATIKA MBIO ZA SAA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, nayo yachapishwa hapa kwa idhini ya Kamati)



Twaishukuru Kamati kwa kutupa nafasi hii kabla ya kura kupigwa. Hoja iliyo mbele yenu mwaijua: ya kwamba fedha za mfuko wa michezo zitolewe zote pamoja, zinunue magurudumu mawili ya kaboni, la nyuma likiwa limezibwa lote kama sahani, na la mbele likiwa na rimu nene, ili yatumiwe na mpandaji wetu aliye mwepesi kuliko wote katika mbio za saa za mwaka huu. Waliotoa hoja hiyo ni watu wakipendao Chama, wala hatukusimama hapa ili kuwabeza. Lakini sisi twaona kwamba fedha hizo zinatafutiwa kazi ya mwisho kabla ya kazi ya kwanza kufanywa. Kazi ya kwanza, ambayo gharama yake ni spana moja na Jumamosi chache, ni kutazama namna sisi wenyewe tunavyokaa juu ya baisikeli zetu.

Kwa ajili ya wanachama wasiouzoea mchezo huu, yafaa tueleze kidogo. Mbio za saa si mbio za kundi. Kila mpandaji huondoka peke yake, akiachana na mwenzake kwa dakika moja au zaidi, na mwenye saa huandika alipoondoka na alipofika. Haruhusiwi kujificha nyuma ya mgongo wa mtu. Katika Uingereza bwana mmoja, F. T. Bidlake, alitengeneza mashindano ya namna hii mwaka 1895, kwa sababu mbio za makundi barabarani zilikuwa zimeleta malalamiko mengi, na wakuu wa mchezo wakazikataza. Wapandaji waliondoka alfajiri, wamevaa nguo nyeusi, na njia yenyewe haikutangazwa ila kwa maneno ya siri, ili askari polisi wasiamshwe bure. Ndiyo asili ya mchezo huu: mtu mmoja, njia, na saa. Na kwa kuwa hana mgongo wa kujificha nyuma yake, hasimu wake mkubwa ni hewa.

Hapa twaomba mtusikilize kwa makini, maana mambo yote mengine yametokana na hili. Mtu aendaye polepole kama aendavyo mpeleka barua haioni hewa. Walakini akifika mwendo wa kilomita 40 kwa saa kwenye tambarare, sehemu kubwa sana ya nguvu zake, nane katika kumi au hata zaidi, humalizika katika kuisukuma hewa tu. Tena hewa haipingi kwa kipimo kile kile. Ukizidisha mwendo mara mbili, hewa hukupinga mara nne, na nguvu utakazotakiwa kuzitoa miguuni kwa ajili yake ni mara nane. Hata kutoka kilomita 40 kwenda 44, nyongeza iliyo ndogo kwa kuisikia, hewa yataka theluthi moja zaidi ya nguvu. Nani kati yetu, baada ya kazi ya ofisini kutwa, aweza kujiongezea theluthi ya nguvu kwa mazoezi ya mwezi mmoja? Hayupo. Lakini kuipunguzia hewa mahali pa kugonga, hilo laweza kufanywa na kila mtu.

Na hewa yagonga wapi? Wengi hudhani ni kwenye baisikeli. Sivyo. Baisikeli ni vyuma vyembamba; kizuizi kikubwa ni mwili wa mpandaji, yaani kifua, mabega, kichwa na mikono. Katika upinzani wote wa hewa, karibu robo tatu ni wa mtu, na iliyobaki ndiyo ya baisikeli nzima pamoja na magurudumu yake. Basi mwenye kununua magurudumu kabla ya kuinamisha kifua amefunga dirisha na kuuacha mlango wazi.

Tusiombe msadiki maneno yetu tu. Yupo Mwingereza aitwaye Chris Boardman. Mwaka 1996, katika ukumbi wa mbio wa Manchester, alikwenda kilomita 56.375 kwa saa moja. Wakati huo alilala juu ya baisikeli huku mikono yake imenyoshwa mbele kabisa, kama mtu anayeruka majini. Baadaye wakuu wa mchezo duniani waliukataza ukaaji huo, wakaweka kanuni kwamba atakaye rekodi ya saa moja atumie baisikeli ya namna ya kale, yenye usukani uliopinda na magurudumu ya spoki, kama ile aliyoitumia Mbelgiji Eddy Merckx mwaka 1972 alipokwenda kilomita 49.431. Boardman akarudi Manchester mwaka 2000 akakubali sharti hilo. Alikwenda kilomita 49.441. Alimpita Merckx kwa mita 10 tu! Mtu yule yule, ukumbi ule ule, na tofauti ikawa karibu kilomita 7. Ni kweli kwamba alikuwa ameongeza umri wa miaka minne, na yamkini miguu haikuwa ile ya kwanza. Hatudai kwamba kilomita zote saba ni za hewa. Lakini hata tukimpa umri haki yake, hesabu inayobaki ni kubwa mno kwa mtu kuipuuza.

Sasa tuje kwenye jambo linaloigusa hoja yenyewe. Mwaka 1989, siku ya mwisho ya mbio kuu za kuizunguka Ufaransa, zilibaki kilomita 24.5 za mbio za saa kutoka Versailles hadi Paris. Mfaransa Laurent Fignon alikuwa mbele ya Mmarekani Greg LeMond kwa sekunde 50, na watu wengi walihesabu kwamba mambo yamekwisha. Fignon alipanda baisikeli yenye magurudumu mawili ya sahani, mbele na nyuma. Lakini usukani wake ulikuwa wa kawaida wa siku zile, mikono ikiwa mbali na mbali, na kichwa kilikuwa wazi, nywele zimefungwa kisogoni zikipigwa na upepo. LeMond alikuwa na gurudumu moja tu la sahani, la nyuma. Lakini juu ya usukani wake alifunga chuma kilichotokeza mbele, akalaza mikono yake juu yake, viwiko vikiwa karibu karibu, na kichwani akavaa kofia ngumu iliyochongoka nyuma. Alikwenda kwa wastani wa kilomita 54.5 kwa saa. Fignon alifika akiwa nyuma yake kwa sekunde 58 katika mbio za siku ile, na hivyo LeMond akashinda mashindano yote, ya zaidi ya kilomita 3,200, kwa sekunde 8. Kwa haki twapaswa kusema kwamba Fignon alikuwa na kidonda mahali pa kukalia, nacho kilimtesa sana. Hata hivyo, sekunde 8! Mwenye magurudumu mawili ya sahani alishindwa na mwenye moja aliyejua kukunja mikono.

Pengine mwanachama atasema, hao ni watu wakubwa, wenye mafundi na fedha. Basi mtazameni Graeme Obree wa Scotland. Huyu alijitengenezea baisikeli yake mwenyewe, na katika sehemu ya krenki akatia beringi alizozitoa katika mashine ya kufulia nguo. Alitaka miguu yake ipite karibu karibu, kwa hiyo akaifanya sehemu ile iwe nyembamba. Na mikono aliikunja chini ya kifua kama ndege aliyekunja mbawa. Tarehe 16 Julai 1993, huko Hamar katika Norway, aliijaribu rekodi ya saa moja akashindwa. Asubuhi iliyofuata alipanda tena, safari hii juu ya baisikeli yake ile ya zamani, akaenda kilomita 51.596, akaivunja rekodi iliyokuwa imesimama tangu 1984. Boardman aliipita siku sita baadaye, na mwaka uliofuata ukaaji wa Obree nao ukakatazwa. Hatusemi mwende mkavunje mashine za wake zenu. Twasema tu kwamba fikira iliyoleta rekodi ile haikutoka dukani.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe.

Kwanza ni urefu wa kiti. Egemeza baisikeli ukutani, panda juu yake, kisha weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu uwe umenyoka bila kiuno kulalia upande mmoja. Ukisha kuweka mguu kama ipasavyo, pedali ikiwa chini ya sehemu ya mbele ya unyayo, goti litakuwa limekunjika kidogo tu, na ndivyo itakiwavyo. Katika wanachama wetu kadhaa tumeona kiti kiko chini mno, kwa desturi ya kutaka kukanyaga ardhi wakisimama njia panda. Hiyo ni desturi njema mjini, lakini katika mbio huyaumiza magoti na kuiba nguvu.

La pili ndilo wengi hulikosea, nasi tutakaa hapo kidogo. Mtu akisikia kwamba yampasa kuinama, hushika spana akaushusha usukani, basi. Siku ya pili hulalamika kwamba hana pumzi, na miguu imekuwa mizito. Sababu yake si ngumu. Kifua kikishuka na kiuno kikibaki palepale, pembe iliyo kati ya paja na tumbo hufinyika. Kila goti lipandapo huligonga tumbo, na misuli mikubwa ya makalio hushindwa kufanya kazi yake. Mtu amepunguza hewa, kisha amepunguza na nguvu; faida haipo. Dawa yake ni kuuzungusha mwili mzima kwenda mbele kana kwamba krenki ndiyo ekseli yake: kiti kisogezwe mbele, kikipandishwa kidogo ili mguu usipoteze urefu wake, ndipo usukani ushushwe. Kwa njia hiyo kifua kimelala, lakini ile pembe ya kiunoni imebaki kama ilivyokuwa. Tumieni timazi kama atumiavyo mwashi: iangusheni kutoka ncha ya kiti, mtazame iko nyuma ya katikati ya krenki kwa kiasi gani, mkaandike. Atakayeshindana chini ya kanuni za chama cha dunia azisome kwanza za mwaka ule, maana vipimo hivi vimewekewa mipaka, na mipaka yenyewe imehamishwa mara nyingi. Krenki fupi nazo husaidia, kwa kuwa goti halipandi juu sana. Za milimita 165 badala ya 172 au 175 zimewafaa watu wengi, wala si warefu peke yao wala wafupi peke yao.

La tatu ni mikono na kichwa. Viwiko vikaribiane, vilale juu ya mito ya chuma cha mbele, na uzito wa kifua ubebwe na mifupa, si na misuli ya shingo. Mabega yavutwe ndani, kama mtu apitaye katika mlango mwembamba akiwa na nguo safi. Kichwa kishuke kati ya mabega, kama kobe. Lakini macho, ndugu zetu, yabaki barabarani! Mtu aliyelaza mikono mbele yuko mbali na breki zake, na aliyeinamisha uso haoni lori lililosimama. Watu wamekwisha kufa kwa kosa hilo katika nchi za watu waliozoea mchezo huu miaka mingi, sembuse sisi ambao barabara zetu zina ng'ombe, mashimo, na mabasi yasiyojua kusubiri. Kwa hiyo mazoezi ya ukaaji huu yafanywe asubuhi mapema, mahali pasipo magari, na akiwapo mwenzako wa kutazama.

Mtu atajuaje kwamba amepata nafuu? Mwenzako na asimame mbele yako, umbali wa hatua kumi hivi, akupige picha kwa simu ya mkononi. Umbo lile lionekanalo katika picha ndilo hewa ilionalo. Kisha tafuta njia tambarare, siku isiyo na upepo, uende na kurudi kwa juhudi ile ile, na uandike. Badilisha jambo moja tu, urudie. Wengine hubadilisha kiti, usukani na tairi katika siku moja, kisha wakaulizana ni kipi kilichosaidia. Sisi ni watu wa majalada na daftari. Kama kuna mchezo uliotungwa kwa ajili ya makarani, ni huu. Na kipimo cha mwisho ni uvumilivu: ukaaji usioweza kukaa nao nusu saa bila kuinuka si ukaaji wa mbio, hata ungekuwa mzuri namna gani pichani. Inua usukani sentimita moja, uvumilie, kisha mwezi ujao ushushe tena.

Sasa vifaa, navyo tutavipitia kwa haraka. Nguo kwanza: shati lipepealo ni tanga la jahazi lililotwekwa upande usiofaa. Fulana ya kubana, na kitambaa cha namba kisichopiga makofi mgongoni, ni vya bei ndogo na faida yake ni kubwa. Kofia ngumu ya mbio yafuata, nayo hulinda kichwa pia. Kisha tairi: tairi nyepesi na laini huteleza vizuri kuliko tairi nene ya mizigo, na upepo usijazwe mpaka ukawa kama jiwe, maana katika barabara mbaya tairi ngumu mno hurukaruka na kupoteza mwendo. Mnyororo uwe safi na wenye mafuta. Baada ya hayo yote ndipo magurudumu ya kaboni. Hatusemi kwamba hayana faida, yanayo. Lakini rimu nene ya mbele husukumwa sana na upepo wa ubavuni, na mpandaji asiyeizoea huogopa, akainuka, na akiinuka amerudisha hasara kubwa kuliko faida aliyoinunua.

Hapana shaka mtatukumbusha Kigali. Mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanywa Afrika kwa mara ya kwanza, nayo yalifanywa kwa jirani zetu wa Rwanda. Katika mbio za saa za wanaume, kilomita 40.6, Mbelgiji Remco Evenepoel hakushinda tu. Alimkuta na kumpita Tadej Pogačar aliyeondoka dakika mbili na nusu kabla yake. Njia ile ilikuwa ya milima, na mlimani mambo hugeuka: mwendo hupungua, hewa nayo hupunguza ukali, na uzito ndio hupanda bei. Kwenye mwinuko mkali mtu hushika usukani wa pembeni akavuta pumzi. Akifika juu hulala tena upesi, kwa sababu mteremkoni na tambarare ndiko hewa idaiko deni lake. Evenepoel ni mfupi na hukaa kwa namna iliyobanana mno. Wenye picha zake simuni na wazitazame, wala wasizitazame kwa ajili ya rangi ya baisikeli.

Basi twaleta marekebisho ya hoja. Fedha za mfuko zigawanywe hivi: vyuma vya mbele vyenye mito jozi nne, vitumiwe kwa zamu, kofia ngumu kwa kila mpandaji wa timu yetu asiyekuwa nayo, na tairi njema jozi moja moja kwa kila atakayekimbia. Itakayobaki iwekwe, na suala la magurudumu liletwe tena mwakani, pamoja na daftari ya nyakati za wapandaji wote, ili tuamue kwa hesabu. Magurudumu mawili yatamsaidia mtu mmoja. Haya tunayoyaleta yatawagusa wapandaji wetu wote, na yule aliye mwepesi atakuwa mmoja wao.

Bwana Mwenyekiti, mkutano ukikubali, tutaanza Jumamosi ijayo saa moja asubuhi, katika uwanja ulio nyuma ya ukumbi. Kila mtu na aje na baisikeli yake, nguo atakazozivaa siku ya mbio, kalamu na daftari. Spana zitakuwapo. Mwenye timazi nyumbani na ailete, maana tunayo moja tu.